Kung'arisha Motokaa ni Kupunguza, si Kuongeza

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa genge la reli mbele ya mkutano wa tawi, Kipkelion)

 

Nimeombwa niseme machache juu ya kuondoa mikwaruzo katika rangi ya motokaa na kuing'arisha nyumbani. Najua wako watakaouliza, je, hilo ni jambo la chama? Nitawajibu mara moja. Ndani ya chumba hiki wamo watu watatu waliotia sahihi zao kunidhamini nilipokopa fedha katika sacco ili ninunue gari. Rangi ya gari lile ilipoharibika, na kazi yake ikasimama, mishahara ya watu hao ndiyo iliyoingia hatarini. Kwa hiyo nina deni nao la maneno, na leo nalilipa.

Mimi si fundi wa rangi. Mimi ni mtu wa genge la reli, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni basi. Haya ninayoyasema nimeyajua kwa kuharibu kwanza, kisha kuuliza, kusoma na kujaribu tena.

KOSA LANGU

Nilinunua gari dogo jeusi lililotumika Japani likaletwa Mombasa. Nia yangu ilikuwa kulikodisha siku za Jumamosi kwa arusi, kutoka Kericho na Litein hadi Sotik na Bomet. Nilichagua jeusi kwa sababu maharusi hulipenda. Sikujua kwamba rangi nyeusi ndiyo inayoonyesha kila kosa la mwenye gari.

Ninyi mnazijua barabara zetu. Ile kubwa ya kwenda Bomet ina lami, lakini ukitoka tu kwenda kituo cha kununulia majani ya chai, unaingia katika maramu. Vumbi lake ni jekundu na laini kama unga. Lakini lisugue kati ya vidole viwili, utasikia mchanga ndani yake. Mimi kila Jumamosi alfajiri nilichukua kipande cha blanketi kuukuu, kikavu, nikafuta vumbi lile mpaka gari likang'aa. Nilijisifu kwamba hakuna mtu wa bidii kama mimi.

Haukupita mwaka. Asubuhi moja ya arusi, jua likiwa kali, mjomba wa bibi arusi alilizunguka gari langu mara mbili. Akasema, "Gari hili limezeeka, tafuteni lingine." Nikatazama nami, nikaona kweli. Juu ya boneti palikuwa na nyuzi nyembamba, nyingi, za mviringo, kama utando wa buibui juu ya majani ya chai wakati wa umande. Nilirudi nyumbani bila shilingi, na habari za arusi husafiri upesi.

Nikampelekea fundi mmoja wa kando ya barabara. Alifunga sponji kwenye grainda, mashini ile ile ya kukatia chuma, akapaka dawa nyeupe, akasugua. Baada ya saa moja gari lilikuwa kama kioo. Nililipa kwa furaha. Nikaliosha mara tatu, na buibui wangu akarudi mahali pake. Tena kwenye ukingo wa boneti rangi nyeusi ilikuwa imekwisha kabisa, pameonekana kijivu upana wa kidole. Kupaka boneti upya kulinigharimu zaidi ya mshahara wa mwezi. Nikachelewa kulipa mkopo miezi miwili, na wadhamini wangu wakaitwa. Hawakunitukana. Lakini mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Gari lilikuwa zima, wewe ulilifanya nini?"

Leo naweza kumjibu.

MIKWARUZO HIYO NI NINI

Magari mengi ya siku hizi yana rangi ya tabaka. Chini kabisa ni bati. Juu yake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, nyeusi au nyekundu au bluu. Juu ya yote kuna vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Vanishi hii ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Sisi tunakaa juu ya nyanda, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari kule Kericho, na jua la huku ni kali hata kama hewa ni baridi.

Sasa sikilizeni unene wake. Rangi hupimwa kwa mikroni, na mikroni 1,000 ni milimita moja. Tabaka zote za rangi ya kiwandani kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150. Karatasi ya kuandikia ni karibu mikroni 100. Vanishi peke yake ni mikroni 40 hivi, labda 50. Basi shikeni karatasi ya barua mkononi. Kinga ya gari lenu haizidi nusu ya unene wa karatasi hiyo.

Mikwaruzo ninayoisema imo ndani ya vanishi hiyo. Ni mifereji midogo sana iliyochorwa na mchanga. Macho hutudanganya kwamba ni ya mviringo. Kwa kweli imeelekea kila upande, lakini jua linapopiga, ile tu iliyokaa kuuzunguka mwanga ndiyo inayong'aa. Ukihama hatua moja, duara nalo linahama pamoja nawe.

Ndugu zangu, sisi watu wa reli tunalifahamu jambo hili kuliko watu wengi. Gurudumu la behewa likilika vibaya hupelekwa kwenye mashini likakerezwa, mpaka umbo lake lirudi sawa. Je, fundi wa kukereza ameongeza chuma? La. Amekiondoa chuma kizuri mpaka kikalingana na kile kilicholika. Kila likikerezwa linakuwa jembamba, na siku moja kipimo kinasema basi, gurudumu hili halifai tena. Kusaga uso wa reli ni vivyo hivyo: tunaondoa ufa mdogo wa juu usije ukazama, na tunalipia kwa chuma.

Kung'arisha motokaa ni kazi hiyo hiyo. Polishi ina chembe ndogo zinazosaga vanishi, zikaishusha mpaka kwenye kina cha mikwaruzo. Mahali palipong'arishwa pamekuwa pembamba. Kama gari lako lilitumika kabla hujalinunua, huenda lilikwisha kung'arishwa mara kadhaa ili lipate mnunuzi, na hujui kimebaki kiasi gani. Hili ndilo neno langu kubwa la leo: using'arishe ili uendelee kukwaruza. Kwanza komesha kinachokwaruza.

KWANZA: KUOSHA

Yuko mzee mmoja mstaafu jirani yangu, aliyeanza kazi zamani za mvuke akiwa msafishaji wa injini. Zile injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa na rangi nyekundu ya damu ya mzee. Moja yao, Mount Gelai, bado imo katika makumbusho ya reli Nairobi. Mzee aliponiona na blanketi langu aliniambia, "Kijana, vumbi kavu haliguswi. Limwagie maji kwanza." Nilicheka moyoni, nikaona mambo ya zamani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Fanyeni hivi. Egesheni gari kivulini, bati liwe baridi. Mwagieni maji mengi kutoka juu ya paa kwenda chini, vumbi na mchanga vishuke vyenyewe kabla ya mkono wowote kugusa. Maji ya mvua ya tangi ni mazuri sana, kwa sababu hayaachi madoa meupe yakikauka. Na msiende kuosha mtoni. Watu wa chini wanachota kunywa.

Wekeni ndoo mbili. Moja ina maji ya sabuni, nyingine maji matupu. Chovya kitambaa laini katika sabuni, osha sehemu moja, kisha kisuuze katika maji matupu kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Jioni tazama chini ya ndoo ya kusuuzia. Mchanga utakaouona pale ndio ambao zamani ulikuwa ukiusugua juu ya gari lako. Tumieni sabuni ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta, na chembe zake zisipoyeyuka nazo hukwaruza.

Osheni juu kwanza na chini mwisho. Magurudumu na matope ya chini yawe na kitambaa chao peke yake. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi juu ya gari mpaka kifuliwe. Mkikausha, msisugue; tandazeni kitambaa kikubwa laini cha mikrofaiba, kinywe maji.

Nawaambieni kweli, mtu akifanya haya tu na asifanye lingine, amekwisha kuokoa rangi yake kwa sehemu kubwa.

PILI: KUONDOA KILICHOGANDA

Baada ya kuosha, pitisha kiganja. Ukisikia chembe chembe, kuna kitu kimeganda. Huku kwetu mara nyingi ni utomvu wa mikaratusi, ile miti iliyopandwa kwa kuni za viwanda vya chai, au lami, au mavi ya ndege. Mavi ya ndege yaondoeni siku ile ile, maana huunguza vanishi. Yaloweke kwa kitambaa chenye maji, usiyakwangue. Lami hulainika kwa mafuta ya taa kidogo katika kitambaa, kisha mahali pale paoshwe mara moja kwa sabuni. Uko pia udongo maalumu wa kuvutia uchafu, unaouzwa katika maduka ya vifaa vya magari. Huutelezesha taratibu juu ya maji ya sabuni. Ukianguka chini, utupe, hata kama ni mpya.

TATU: KUPIMA KABLA YA KUSUGUA

Ingiza gari mahali penye giza, au ngoja usiku, ukaliangalie kwa tochi. Kisha pitisha ukucha juu ya kila mkwaruzo mkubwa. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina. Usijaribu kuumaliza, maana utamaliza vanishi kabla yake. Uache, au mpelekee mpaka rangi.

Tazameni pia kama gari lina vanishi au halina. Sugueni polishi kidogo kwa kitambaa cheupe mahali palipojificha. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hakuna vanishi. Unasaga rangi yenyewe. Magari ya zamani mengi ni hivyo, na hata baadhi ya magari meupe ya siku hizi.

NNE: KUNG'ARISHA

Anzeni asubuhi. Mnajua mvua ya Kericho hupenda kuja alasiri. Funikeni kwa tepu ya karatasi kingo zote, mistari iliyoinuka ya bodi, na plastiki nyeusi. Kwenye kingo ndiko rangi ilikuwa nyembamba tangu kiwandani, na ndiko boneti langu lilikoungulia.

Chagueni polishi iliyo laini kuliko zote. Jaribuni kwanza mraba mmoja wa sentimita 30 kila upande. Wekeni matone matatu au manne ya ukubwa wa haragwe juu ya sponji safi. Sugueni kwa mkono kwa nguvu ya kiasi, kwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kisha mkate mistari hiyo kwa upande wa pili. Dakika mbili au tatu, halafu futeni kwa mikrofaiba safi.

Sasa msiamini macho yenu bado. Ziko polishi zenye mafuta yanayojaza mifereji, ikafichika mpaka gari lioshwe. Hivyo ndivyo yule fundi alivyonipendeza kwa saa moja. Changanyeni spiriti na maji nusu kwa nusu, mpanguse mahali pale, kisha mtazame kwa tochi. Mnachokiona sasa ndicho kweli. Mikwaruzo ikiwa imepungua kwa nusu, ridhikeni, mwende mraba wa pili. Kwa mkono haitakwisha yote, wala hakuna haja iishe. Aliye mbali kwa hatua mbili hataiona, nawe umebaki na vanishi ya kukulinda miaka mingine.

Wako watakaotaka mashini. Ziko za aina mbili. Moja huzunguka tu mahali pamoja. Nyingine huzunguka huku ikiyumba kila upande, na hii ya pili ndiyo ya mtu anayejifunza, kwa sababu joto lake halikai mahali pamoja. Itembezeni polepole, isisimame, na isipande juu ya kingo. Lakini grainda ya kukatia chuma isikaribie gari. Ile huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na mashini ya polishi ya kawaida haizidi 3,000 hivi. Rangi itaungua kabla hujavuta pumzi ya pili.

Na dawa ya meno je? Nimeulizwa sana. Nayo ina chembe za kusaga, kweli, lakini ilitengenezewa meno. Kwa alama ndogo moja haidhuru sana. Kwa boneti zima ni kazi bure.

TANO: KUFUNIKA

Mama yangu anapoandaa kibuyu cha mursik, hakipaki mkaa wa senetwet kabla ya kukisafisha. Kwanza husafisha ndani kwa brashi ya sosiot, ndipo mkaa. Nta ya gari ni kama mkaa ule: haisafishi wala haiondoi mkwaruzo, bali inafunika kilichokwisha kuwa safi.

Nta iliyo maarufu ni ya karnauba, inayotoka katika majani ya mnazi wa aina yake wa Brazili. Ni ngumu, huyeyuka kwenye joto la digrii 80 na zaidi, na hali nta ya nyuki wetu huyeyuka kwenye digrii 62 au 64. Pakeni nyembamba sana, ingojeni ikauke, futeni. Nyingi si bora. Maji ya mvua yakianza kutandaa badala ya kusimama kama shanga, nta imekwisha, pakeni tena. Kupaka nta hakupunguzi kitu, kwa hivyo ifanyeni mara nyingi. Kung'arisha kunapunguza, kwa hivyo kufanyeni mara chache, na si kwa mazoea.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, nimeliona neno moja ambalo linanisumbua. Tukizungumza habari hizi, wengi hulaumu vijana wanaoosha magari kandokando ya barabara. Kijana yule analipwa kwa gari, si kwa saa. Akipunguziwa bei ataosha magari kumi kwa ndoo moja na kitambaa kimoja, na mchanga wa gari la kwanza utalikwaruza la kumi. Mimi mwenyewe nimewahi kubishana na mmoja kwa ajili ya shilingi ishirini, nikiwa na beji ya chama kifuani. Yeye ni mfanyakazi kama sisi. Mlipeni bei ya ndoo mbili, mumwambie kwa nini. Itakuwa rahisi kuliko kupaka boneti.

Pili, naomba mkutano ufikirie jambo hili. Humu tuna magari na pikipiki nyingi zilizonunuliwa kwa mikopo tuliyodhaminiana. Mashini moja ya polishi ile ya kuyumba ni ghali kwa mtu mmoja, lakini kwa watu ishirini ni mchango mdogo. Tukiwa nayo moja hapa, na mtu mmoja anayeitunza na kuiandika katika daftari, hakuna atakayelazimika kwenda kwenye grainda. Mimi niko tayari kuwa mtunzaji wa daftari hilo, na kuonyesha kazi Jumapili yoyote mchana ambayo siko zamu.

Gari langu bado ni jeusi. Mikwaruzo imo, mkilitazama kwa karibu mtaiona, na boneti halilingani sawasawa na milango. Lakini linakwenda arusini tena, na mwezi uliopita nilimaliza kulipa miezi ile miwili niliyochelewa. Ndugu yangu aliyeniuliza lile swali ameketi pale karibu na mlango. Ndugu, jibu lako ni hili: nilikuwa nikilisafisha.

 Nje nimeweka ndoo mbili na tochi. Anayetaka kuona gari lake lilivyo, na aje.